Beseni la Maji ya Moto, Hatua Chache Kutoka Ngomeni

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Ruweida Jumatatu asubuhi, akiwa anamlisha mwanawe uji, na aliusoma mara tatu kabla ya kumwita mtu. Ulikuwa mfupi, wa Kiingereza. Kiingereza chake cha madarasa ya jioni kilimtosha kuuelewa neno kwa neno, ila hakikumtosha kuyaelewa maneno yote yakikaa pamoja.

"Mama," alimwita mkwewe, Bi Siti, aliyekuwa uani anapepeta mchele. "Tumepata wageni. Wa kwanza."

"Alhamdulillahi. Wangapi?"

"Wawili, mke na mume. Wanakuja Alkhamisi, wakae siku nne. Mwanamke ndiye aliyeandika, jina lake Naseem." Ruweida aliutazama tena ujumbe. "Anasema wanakuja hasa kwa ajili ya beseni la maji ya moto. Anauliza kama maji yenyewe ni ya moto kweli. Na anasema jambo hili kalingojea miaka mingi."

Bi Siti aliuweka ungo chini.

Miaka thelathini alikuwa akiwakanda wazazi wa Chake Chake. Mwanamke akijifungua, kesho yake asubuhi Bi Siti huingia na fundo lake la majani, akabandika maji, akamkanda mzazi tumbo, kiuno na mapaja mpaka siku zake arubaini ziishe. Katika mtaa ule wa chini ya ngome ya kale hakukuwa na nyumba yenye watoto ambayo mkono wake haukupita. Kwa hiyo mtu mzima na akili zake, katika joto lile la Februari, akisema anataka kuketi ndani ya maji ya moto, Bi Siti alikuwa na jambo moja tu la kufikiria.

"Huyo mzazi," alisema.

"Mama, ni mtalii."

"Kwani watalii hawazai? Kasema kangojea miaka mingi. Ni mtoto huyo. Maskini, kapata baada ya kutafuta sana, na kwao hakuna wa kumkanda."

"Wameandika watu wawili tu."

"Mtoto mchanga huhesabiwa? Moza ulipokwenda naye Unguja, botini walimkatia tiketi?"

Ruweida alimtazama mwanawe, aliyekuwa na uji mpaka kwenye nyusi. Kweli, hawakumkatia.

* * *

Sabir alikuwa na duka la kutoa kopi na kutengeneza simu, palepale ambapo babu yake aliuza nguo. Yeye ndiye aliyeitia nyumba ya kina Ruweida kwenye mtandao, ipate wageni. Ruweida alimkuta ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo, akasimama mbele yake na Moza kiunoni.

"Sabir, uliandika nini kuhusu beseni?"

"Sikuandika, dada. Nilinakili." Alisema bila aibu, kama mtu anayeeleza ufundi. "Mie nitajuaje nyumba ya wageni inasemwa vipi? Nilitafuta nyumba ya likizo ndani ya mji wa kale wenye ngome. Ikatoka moja, iko Wales, kule Uingereza. Maneno yake mazuri, nikayachukua. Nikabadilisha jina la mji tu."

"Na beseni?"

"Nilikuuliza: mna beseni? Ukanijibu mnayo mawili."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Alimjibu hivyo, tena kwa fahari, maana moja lilikuwa jipya.

Sabir aligeuza kompyuta amwonyeshe. Kwenye picha kulikuwa na pipa kubwa la mbao, limewekwa nje, linafuka mvuke. Ndani yake watu wanne wazima, maji yamewafika vifuani, vichwani wamevaa kofia za sufi, mikononi wameshika glasi. Nyuma yao ulionekana mnara wa ngome na kilima chenye kondoo.

"Wanaumwa?" Ruweida aliuliza.

"Wanacheka."

"Mtu huweza kuumwa na akacheka. Lifute hilo neno la beseni, Sabir."

"Nikilifuta sasa ataona, na keshalipa. Bora mumtafutie beseni."

Ruweida alirudi nyumbani kwa njia ndefu, akizunguka ngomeni, ili apate muda wa kufikiri. Hakufikiri chochote. Alichokiona muda wote ni zile kofia za sufi.

* * *

Mumewe, Nassor, alikuwa fundi wa mabomba, na shida kwake ikawa nyepesi mara ilipogeuka kitu cha kukatwa. Alilichukua tangi la plastiki lililopasuka juu, akalikata kiunoni kwa msumeno, akauvika ukingo wake mpira wa maji aliouchana katikati ili usimkwaruze mtu. Tangi lililobaki likaketi uani kama bakuli kubwa jeusi.

Maji ya kulijaza yalikuwa shughuli nyingine. Bomba la mtaa lilitoa alfajiri tu, na chombo cha kuchemshia hakikuwapo isipokuwa sufuria la harusi. Nassor alikwenda kuliazima kwa mama anayeweka vyombo vya mtaa.

"Nani anaoa?" mama yule alimuuliza.

"Hakuna."

"Basi nani kafa?"

"Hakuna, mama. Tunachemsha maji. Kuna mgeni atakaa ndani yake."

"Kafanya nini?"

Nassor alilitwika sufuria na kuondoka. Njia nzima watu walimpa hongera ya harusi, naye akazipokea, kwa sababu kueleza kulikuwa kazi kubwa zaidi.

Jumatano Kificho alikuja. Alikuwa kaka yake Nassor, mkubwa wake kwa miaka kumi. Nyumba ile ya mawe waliachiwa wawili na baba yao, na nusu yake Kificho aliitaka mkononi, kwani kulikuwa na mtu wa Unguja aliyetaka kuinunua aifanye ghala la saruji. Alisimama uani, akaliangalia sufuria, akaliangalia tangi.

"Mnampika?"

"Ni beseni la wageni, kaka," alisema Nassor.

"Nimeona nyumba za wageni, nimelala mpaka Dar es Salaam. Sijapata kuona inayochemsha watu." Alimgeukia Ruweida. "Shemeji, tulipatana. Mliniomba muda wa kujaribu, nimewapa. Mgeni akiondoka kabla ya siku zake, Jumatatu namleta mnunuzi mbele ya sheha, na sitaki machozi."

"Na akimaliza siku zake?" Ruweida aliuliza.

"Akimaliza, na akasema maneno mazuri, nitanyamaza."

"Utanyamaza mpaka lini?"

"Nitanyamaza kwanza, shemeji. Usinihesabie."

Alipoondoka, Ruweida aliingia chumba cha wageni. Kitanda chao cha ndoa kilikuwa pale, kwani wao sasa walilala jikoni, mkeka kwa mkeka. Shuka zilikuwa za jirani. Mito ilikuwa ya jirani mwingine, na haikulingana na shuka. Ukutani alikuwa ameyatundika maneno ya Sabir, yamepigwa chapa na kutiwa fremu. Alifikiri kuyaondoa. Msumari ungebaki, na chini yake ukuta umebanduka chokaa. Akayaacha.

* * *

Alkhamisi, baada ya adhuhuri, gari iliwashusha. Mwanamume alikuwa mnene, mpole, anatembea kwa kulisikilizia goti lake la kushoto. Mwanamke alikuwa mwembamba, kajitanda mtandio wa kijivu, viganja vyake vyekundu na vikavu kama vya mtu anayefua kwa kulipwa. Hakuwa na mtoto.

Bi Siti alisimama mlangoni akiwapekua kwa macho. Mikono mitupu. Begi moja, begi la pili, hakuna la kubebea mtoto. Akayatazama tena mabegi, moja moja, kana kwamba mtoto angeweza kuwa ameingia ndani.

"Asalaam alaykum. Hodi hapa," alisema yule mwanamke, kwa Kiswahili, tena cha Pemba, kilichotulia kidogo kama nguo iliyokaa sandukuni. "Mie Naseem. Huyu Ridha, mume wangu. Nilizaliwa hapa Chake. Tuliondoka nina miaka saba."

"Wa alaykumu ssalaam. Karibuni kwenu," alisema Bi Siti, na sauti yake ilikuwa laini kupita kawaida. Alimpokea Naseem kwa kumshika kiwiko na kumvusha kizingiti taratibu, kama anavyovushwa mtu mwenye nyuzi tumboni.

Jikoni alimbana Ruweida kwenye kona.

"Hana mtoto."

"Basi si mzazi, mama. Namshukuru Mungu. Na umemwona, ana miaka hamsini huyu."

"Huko Ulaya madaktari wao wanafanya mambo. Hukumtazama macho? Kafiwa, mwanangu. Kangojea miaka yote, kapata, kakosa." Bi Siti alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Na aliyekosa ndiye wa kukandwa zaidi, maana tumbo halijui kuwa mtoto hayupo. Asiulizwe na mtu. Umenisikia? Wala Moza asipitishwe mbele yake."

Kisha akatoka akamwendea Ridha, aliyekuwa anaingiza begi chumbani, na kulichukua begi mkononi mwake.

"Baba, weye utalala huku." Alimwonyesha chumba cha nje, penye godoro la sponji na baiskeli ya Nassor.

"Mimi? Na yeye?"

"Yeye atalala ndani. Ni bora kwa sasa."

Ridha alimtazama mkewe. Mkewe akainua mabega. Labda ndivyo zilivyokuwa taratibu za nyumba, na wao walikuwa watu wa kufuata taratibu.

"Miaka thelathini hajanifukuza yeye," Ridha alisema, akiketi juu ya godoro kwa mashaka. "Nimekuja kufukuzwa na mwenye nyumba."

Ruweida alipeleka maji ya kunywa chumbani. Alimkuta Naseem amesimama dirishani, mgongo wake umeelekea ile fremu, anaitazama ngome juu ya mapaa. Alikuwa anasema kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayesoma dua aliyoihifadhi utotoni. Nyumba ya mawe yenye haiba, hatua chache kutoka ngomeni. Baada ya siku ndefu ya kutembea milimani, jitumbukize katika beseni la maji ya moto, glasi mkononi, nyota juu yako. Mbwa mmoja mwenye adabu anakaribishwa.

Hakugeuka hata mara moja kuitazama karatasi, na hakukosea hata neno.

"Mnao mbwa?" Naseem aliuliza, sasa kwa Kiswahili.

"Hatuna," alijibu Ruweida. Alimpa glasi ya maji. "Sisi hatufugi mbwa."

"Nilijua." Naseem alitabasamu. Kwa Ruweida, tabasamu lile lilikuwa la mtu aliyepata alichokifuata.

Alimkimbilia Nassor uani. "Mwenye maneno kaja."

"Maneno gani?"

"Ya ile nyumba ya Wales. Anayajua yote kwa moyo. Ndiye mwenyewe, kaja kutukamata."

Nassor alikuwa anachochea makumbi ya nazi chini ya sufuria, moshi umemfumba jicho moja. "Mama kaniambia ni mzazi aliyefiwa, nisimtazame usoni."

"Mama hajui."

"Na Kificho kasema atapita alasiri."

Walisimama wote wawili, wakalitazama tangi. Kwenye sufuria maji yalianza kuchemka.

* * *

Alasiri Bi Siti alimtoa kila mtu uani isipokuwa Ruweida, aliyehitajiwa kubeba ndoo. Aliufunga mlango wa ukumbini kwa komeo. Akatia kwenye maji majani ya mkarafuu na mchaichai na kivumbasi, akapima joto kwa kiwiko, akaongeza maji baridi vikombe viwili, akapima tena. Naseem aliingia ndani na kanga moja, akashika ukingo, akasimama.

"Kaa," alisema Bi Siti.

Naseem alijishusha kidogo kidogo. Maji yalipomfika kiunoni alisita, akatazama huku na huku, kana kwamba kuna mtu atakayetokea kumwinua.

"Kaa, mwanangu. Hakuna anayekufukuza."

Akakaa. Bi Siti alivuta kibao karibu na tangi, akachovya taulo kwenye maji makali, akalikamua, akalikandamiza kiunoni. Mikono yake ilikuwa na nguvu ambayo mwili wake mdogo haukuionyesha.

"Legeza. Unanisaidia, usinisaidie. Hujazoea kukandwa?"

"Sijazoea kukaa," alisema Naseem.

Bi Siti hakuelewa, na hakuuliza. Aliendelea kiunoni, akahamia mbele, mkono wake ukashuka tumboni juu ya kanga, ukasimama. Vidole vilipita juu ya mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesoma gizani.

"Wamekupasua."

"Mara tatu. Mahali pamoja."

"Nani alikukanda?"

Naseem alifumba macho. "Hakuna. Mama alishafariki. Siku ya tano nilirudi kazini kwa mguu, kulikuwa na theluji. Na wa pili vivyo hivyo, na wa tatu." Alicheka kidogo, kicheko hakikwenda mbali. "Mama alinihadithia tu. Alikuwa akisema, ukizaa Insha Allah nitakupeleka Pemba ukakandwe, huku hawajui kumrudisha mtu."

Ndipo akaanza kulia. Si kilio cha msiba; kilitoka bila uso kubadilika, kama bomba ambalo mtu kasahau kulifunga. Bi Siti alimwachia alie, mkono wake palepale.

"Na huyu wa sasa," aliuliza kwa sauti ya chini, akilivunja agizo lake mwenyewe, "walimzika wapi?"

Naseem alifumbua macho. "Nani?"

"Mtoto."

"Mtoto gani, Bi Siti? Wangu wote wazima. Mkubwa ana miaka ishirini na saba, fundi wa umeme. Mdogo ana ishirini."

Ruweida alisimama na ndoo, hajui aimwage au aishushe.

"Uliandika umengojea miaka mingi," alisema Ruweida. Hakukusudia kusema, yalitoka.

"Nimengojea kukaa." Naseem alipiga maji kwa kiganja. "Ndani ya hili. Mie ninasafisha nyumba za likizo, dada. Huko kwetu ni mji mdogo, una ngome na ukuta kama uliochorwa na watoto. Watu wanakuja kukaa kwenye mabeseni. Nyumba ile ya maneno yenu naisafisha mimi, mwaka wa kumi na moja huu. Wageni wanatoka asubuhi, wengine wanaingia alasiri. Katikati hapo namwaga maji, naingia ndani kwa magoti, nasugua. Nywele, mafuta, vipande vya glasi. Nikimaliza najaza, nafunika, naondoka. Maneno yale wameyatundika ukutani pale, nayasoma kila wiki nikipangusa vumbi. Ndiyo maana nayajua."

"Na hujapata kuingia?"

"Hairuhusiwi. Na hata siku pasipo na mtu naogopa, sijui kwa nini." Alijifuta pua kwa mkono uliolowa. "Sasa mwezi uliopita niko kitandani natafuta Chake kwenye simu, nione tu barabara zake, nakutana na maneno yangu. Hatua chache kutoka ngomeni. Nilidhani nimechanganyikiwa. Nikamwamsha Ridha, nikamwambia, kuna mtu Pemba ana beseni letu."

Ruweida aliishusha ndoo. "Kwa hiyo hukuja kutushitaki."

"Niwashitaki kwa lipi? Mie mwenyewe vumbi lake tu ndilo langu."

Hapo mlango wa ukumbini ukagongwa kwa ngumi.

* * *

Kificho alikuwa amefika kitambo. Alimkuta Ridha barazani, akajitambulisha kuwa ni mwenye nusu ya nyumba, akamuuliza kama amepapenda. Ridha, mtu mkweli, akasema pazuri, ila yeye amehamishiwa kwenye chumba cha baiskeli.

"Wamekutoa chumbani? Siku ya kwanza?" Kificho aliuliza, na furaha ilimponyoka usoni. Kisha akakisikia kilio cha mwanamke kutoka uani, akaingia ndani mbiombio, Ridha akimfuata kwa goti lake, na Nassor nyuma yao akisema, "Kaka, ngoja, kaka."

Lakini uani kulikuwa na mwanamke anakogeshwa, na mwanamume hawezi kuingia. Kificho alisimama mbele ya mlango, mkono umeinuka. Hasira yake yote ilikuwa imefika mahali pake, ila yeye mwenyewe hakuweza kufika.

"Mama! Mgeni analia nini?"

"Kwani weye unauliza kama nani?" sauti ya Bi Siti ilijibu.

"Kama mwenye nyumba. Mnamfanya nini? Mumewe yuko hapa, kalazwa na baiskeli. Nimesema tangu jana, nyumba hii si ya wageni. Nassor hana analolijua, na mkewe kamwaga uongo kwenye mtandao, maneno ya watu wengine, Sabir kanambia mwenyewe. Bibi mgeni, kama unataka kuondoka nitakutafutia gari sasa hivi."

Ruweida, upande wa pili, alisikia kila neno. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Aliyasikia yakisemwa kwa sauti, mbele ya mgeni, mbele ya mkwe, na yote yalikuwa kweli.

"Nani huyo?" Naseem alimuuliza kwa kunong'ona.

"Shemeji yangu. Ukiondoka anaiuza nyumba."

Naseem alikaa vizuri ndani ya maji. "Bwana," aliita, na sauti yake ilikuwa imekauka, "nalia kwa raha zangu. Uongo sijauona. Mmeandika ngome, ngome nimeiona. Mmeandika beseni, nimo ndani yake. Nilikuja siku nne. Kama chumba kipo, nataka nikae saba."

"Na mumeo?" alisema Kificho, sasa kwa sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kushika. "Mbona kafukuzwa?"

"Nimemfukuza mimi," alisema Bi Siti. "Mkewe mzazi."

Kisha ikasikika sauti ya Ridha, taratibu, karibu kabisa na mlango.

"Naseem? Kuna jambo hujaniambia?"

Naseem alijifunika uso kwa kanga iliyolowa. Mabega yalimtikisika, na Ruweida alichukua muda kujua kuwa anacheka. Bi Siti hakucheka. Alichovya taulo, akalikamua.

"Lete mguu," alisema.

Nyuma ya mlango nyayo zilizungukazunguka, zikaondoka moja moja. Kificho alitoka kwenda barazani na kumwuliza Nassor kama amesikia vizuri kuwa ni siku saba. Nassor akasema amesikia hivyo. Kificho akavaa viatu vyake, akavivua, akavivaa tena; alikuwa amevigeuza.

"Sijasema kitu," alisema, na kwenda zake.

* * *

Asubuhi ya Ijumaa Ruweida alipoamka alikuta gunia la makumbi limeegemezwa mlangoni. Aliyelileta hakugonga. Nassor alilitambua gunia: lilikuwa la kwa Kificho. Walilitazama, hawakujua kama ni msaada au ni ukumbusho. Mwishowe Nassor alilibeba akalipeleka jikoni, kwani kwa vyovyote yangewaka.

Uani kulikuwa na sauti ya kusugua.

Naseem alikuwa ndani ya tangi, kwa magoti, amefunga mtandio kisogoni. Maji ya jana alikuwa ameyamwaga yote kwenye migomba. Mkononi alikuwa na fumba la makumbi, anausugua ukingo kwa mizunguko midogo ya haraka, na mwili wake ulikuwa unaijua kazi ile kiasi kwamba hakumwona Ruweida mpaka aliposimama mbele yake.

"Dada Naseem, acha. Weye mgeni."

"Dakika mbili tu. Pembeni hapa huganda." Hakuinua kichwa. "Nilikuwa nafikiria ile karatasi yenu. Mbwa mtoeni. Na milima hamna. Kaeni muandike yenu."

"Tutaandika nini?"

"Sijui. Mlichonacho."

Ruweida alifikiria walichonacho. Tangi lililokatwa. Shuka ya jirani, mito ya jirani mwingine. Ngome, ambayo kwake ilikuwa mahali pa kupumzishia macho wakati mtu anafikiri. Alitaka kumwambia kuwa hajui kama vitu hivyo vinaandikwa, lakini Bi Siti alikuwa ametokea jikoni na kibao chake mkononi. Aliinama ndani ya tangi, akalitoa fumba la makumbi kwenye vidole vya Naseem, kidole kimoja kimoja.

"Mzazi hasugui."

"Bi Siti, nilikwambia jana. Mdogo wangu ana miaka ishirini."

"Nimesikia. Mie sihesabu miaka ya mtoto, nahesabu siku arubaini za kukandwa. Jana ilikuwa ya kwanza."

"Lakini nina siku saba tu."

"Basi zitakazobaki utakuja kuzimaliza. Sizigawi nusu." Aliweka kibao chini, pembeni ya ukuta penye kivuli. "Kaa hapo. Ruweida, bandika maji."

Naseem alitoka ndani ya tangi na kukaa. Ruweida alipokuwa akilijaza sufuria, alimwona kwa pembe ya jicho: mgongo umenyooka, miguu pamoja kama mwanafunzi, na ile mikono miwili myekundu inahama kutoka magotini kwenda mapajani, kutoka mapajani kwenda kifuani, inarudi, haijui ikae wapi. Moza alitambaa kutoka jikoni, na leo hakuna aliyemzuia. Alifika mpaka kwenye kibao, akashika goti la mgeni, akajiinua. Mikono ikampokea, ikatulia.